Dawa ya Mama Mkwe

Mara ya kwanza alinunua peremende za koo.
Koo lenyewe zima: lilinisalimia kwa sauti ileile
iliyotutajia vituo vyote vya Łódź
kabla mashine haijampokonya kazi hiyo,
ikamwachia usukani na kiti.

Mara ya pili, plasta ya sugu za vidole.
Ya tatu, mswaki. Wa mtoto. Wenye picha ya twiga.
Ziemowit hana mtoto.
Na kila mara jicho lake lilichepuka,
likapanda rafu ya tatu, kati ya poda za watoto
na nepi za wazee,
likagusa kale kaboksi ka njano, likaungua, likarudi.

Miaka thelathini na mmoja nimesimama nyuma ya kaunta hii.
Mtu anayekwepa kuketi
huku viti vitatu vitupu vikimkodolea macho
hana haja ya kunieleza.
Ila foleni nayo ina masikio,
na masikio ya Jumamosi hayana kazi nyingine.

Siku ya nne akainama hadi pumzi yake ikafifisha kioo:
"Ni ya mama mkwe. Bawasiri."

Mama mkwe wake tulimzika mwezi Machi.
Mimi ndiye niliyemuuzia bandeji zake za mwisho.
Nilisimama kaburini, theluji ikiniingia viatuni.

Nikavaa miwani.
"Pole yake. Inamuuma, au inamwasha?"
"Vyote. Hasa akikaa. Na anakaa saa nane mfululizo,
halafu zile reli za kona ya soko…"
Akanyamaza.
Sikuuliza marehemu anaendesha nini.

Basi nikampa marehemu huduma kamili.
Mwambie marhamu haya ya zinki ni ya kutuliza ngozi.
Haya yenye ganzi, kiasi cha punje ya njegere.
Haya ya haidrokotizoni asizidishe siku saba,
ngozi ya huko ni nyembamba kama kope.
Hivi vyenye umbo la risasi havimezwi
(yupo aliyemeza, simtaji,
akarudi kunilalamikia ladha).
Beseni la maji vuguvugu, robo saa,
bila sabuni, bila manukato.
Gazeti abaki nalo sebuleni:
chooni ni pa kwenda, si pa kuhamia.
Plamu kavu. Mkate mweusi. Maji, maji, maji.
Na kama jana alikunywa supu ya bitiruti
wekundu usimtoe roho;
ila kama hakuinywa, na wekundu upo,
asije kwangu. Aende kwa daktari,
na aende yeye mwenyewe, asimtume mtu.

Hapo akaniangalia.
Masikio yake yalikuwa yameiva kuliko bitiruti.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua.
Haya ya kwetu kifo hakiyajali kabisa;
kinachoumbua ni kicheko cha jirani
aliyesimama nyuma yako na mbwa wake.
Nayajua. Baada ya kumzaa Iwo
nilipanda tramu hadi mtaa wa mbali,
kwenye duka la dawa wasikonijua,
nikavaa miwani ya jua katikati ya Januari,
mimi, mfamasia, mwenye rafu nzima nyumbani,
nikamwambia kijana wa watu:
"Ni ya mama mkwe."
Naye akatoa kalamu,
akaandika maelekezo kwa herufi kubwa,
kwa ajili ya macho ya bibi mzee.

Mwezi Mei nilipanda namba kumi na mbili.
Chini yake mto wa duara, katikati tundu,
umefumiwa foronya ya sufi ya zambarau
kwa mkono usiojua kufuma.
Tulipofika kona ya soko
tramu ikapinda polepole, kama inayobeba mayai.
"Mama mkwe anakusalimu," akasema bila kugeuka.
"Msalimie. Asisahau maji."

Taa ikawa nyekundu.
Akatoa mswaki mfukoni, ule wa twiga,
akaanza kusugua vumbi la dashibodi,
taratibu, kwenye nyufa,
hadi taa ikawa kijani na wa nyuma wakapiga honi.